Kabla Kifua Chake Hakijashuka

Kwa miaka sita nilikuwa sauti ya mwanamke ambaye hakujua kama nimezaliwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu Dar es Salaam, kuingiza Kiswahili kwenye tamthilia za Kihindi. Yeye anafungua mdomo huko kwao India, na miezi kadhaa baadaye mimi nimekaa kwenye chumba kisicho na dirisha, kuta zimezibwa kwa sponji, namsemea. Alikuwa mama mkwe wa tamthilia, yule anayetembea na bunda la funguo kiunoni na kuwanyima wakamwana wake usingizi. Watu walimchukia kwa raha zao zote. Nikipanda bajaji na kutaja ninakokwenda, dereva anageuka kabla sijamaliza: "Mama mkwe! Leo unamfukuza nani?" Sauti yangu waliijua. Sura yangu hakuna aliyewahi kuiuliza. Wakati ule nilijiambia sijali, na nilijidanganya.

Kazi ile ina siri moja tu. Nilifundishwa na mwongozaji wetu, mzee mkali aliyetuita "watoto" hata sisi tuliokuwa na mvi. "Usimwangalie mdomo," aliniambia siku ya kwanza. "Mwangalie kifua. Kikipanda, subiri. Kikishuka, ndipo uingie. Ukiingia kabla, umemnyang'anya mwenzio." Nilidhani ni mbwembwe za studio. Nilipofika sehemu ya mia moja nikaelewa. Yule mama alikuwa na namna yake. Kabla ya kusema jambo zito aliinua kidevu, mkono ukaenda kwenye funguo, kifua kikapanda, kikakaa juu kidogo, kikashuka. Hapo ndipo palipokuwa pangu. Kwa miaka sita sikuingia mapema hata mara moja. Mume niliyekuwa naye siku hizo sikuzijua pumzi zake kwa kiasi hicho, na labda ndiyo maana aliondoka mimi nikiwa studio sina habari.

Kisha nikaja London kubeba boksi kama wenzangu. Boksi langu ni wazee: kuwaogesha, kuwavisha, kuwapa dawa, kusaini, kukimbilia kwa mwingine. Sauti iliyokuwa ikinyamazisha sebule za watu ikawa ya kusema "lift your arm, darling" kutwa nzima. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri tu ila akijibu ni Kiingereza, aliwahi kuniuliza kama kweli nilikuwa mtu maarufu au ni hadithi za kujipoza. Ningemwonyesha nini?

Naishi Thamesmead, na ejensi ya walezi kwa hekima yake ikanipa mteja Neasden, ng'ambo ya pili ya jiji. Basi hadi Abbey Wood, treni ya zambarau, kubadilisha, treni nyingine, halafu mguu kupita hekalu kubwa jeupe la Wahindu. Meseji ilisema mwanamke, miaka sitini na nane, amebadilishwa magoti yote mawili, zamani alikuwa mcheza dansi. Nikawaza, wazee wote wa huku zamani walikuwa kitu fulani.

Mlango ulifunguliwa na wifi yake, mjane wa kaka yake, Mhindi aliyezaliwa Mwanza. Aliponisikia nasema "good morning" akacheka.

"Wewe wa nyumbani. Bongo wapi, dada?"

"Tanga, mama."

"Basi leo nitaongea Kiswahili mpaka mdomo uchoke. Pita, pita, yuko nyuma."

Chumba cha nyuma kilitazama bustani yenye kiti kimoja cha plastiki. Yule mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shingo ndefu, nywele zimefungwa vizuri kama mtu anayengoja kupigwa picha. Hakugeuka. Aliinua kidevu, kifua kikapanda, kikakaa, kikashuka, na naapa mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nikaufunga haraka. Akasema kwa Kiingereza, kwa kisauti chembamba kama cha msichana wa kwaya, kwamba nimechelewa dakika ishirini.

Sikumwambia kwamba nilikuwa sauti yake. Wiki saba nilimkanda magoti, nikamsindikiza chooni, nikamvalisha soksi za kubana, na kila siku nilisema kesho. Aliniita "girl", mimi niliyekaribia miaka hamsini na mitano. Hasira ndiyo iliyonifunga mdomo, nakiri. Nilitaka anigundue mwenyewe. Niliwaza kwamba mtu aliyekaa kooni mwako miaka sita ni lazima umhisi. Hakuhisi kitu.

Alipenda kusimulia nikimkanda. Alianza dansi akiwa na miaka tisa. Mama yake alimfunga njuga miguuni alfajiri, hamfungui mpaka majirani walalamike. Kumi na nne akaingia kwenye filamu, safu ya nyuma, mmoja wa wasichana ishirini wanaocheza nyuma ya nyota. Huko, alisema, alijifunza kutabasamu hata ukikanyaga msumari, na msumari aliwahi kuukanyaga kweli. Akasogea safu ya mbele. Halafu akapewa dansi yake mwenyewe, dakika tano katikati ya filamu ya saa tatu. Anaingia, wanaume wanapiga mbinja, anatoka, hadithi inaendelea bila yeye. Filamu hamsini na kitu za namna hiyo. "Na hakuna hata moja," aliniambia, "ambayo walinipa jina." Mojawapo niliiona Tanga nikiwa mtoto, kwenye banda la video, na wasichana wa mtaa wetu tuliiga kile kiuno mpaka tukachapwa. Hilo nalo sikumwambia.

Alipotimiza thelathini na tano wakamfanya dada wa nyota. Arobaini akawa mama wa nyota yule yule, mwanamume aliyemzidi miaka kumi. Alilisimulia hili akicheka, lakini mguu aliuvuta mikononi mwangu. Televisheni ndiyo iliyompa jina, amepakwa unga mweupe kwenye nywele ili azeeke vizuri. Miaka minane alikuwa mama mkwe wa nyumba ile ya mbao na rangi, saa kumi na nne kwa siku amesimama, mpaka magoti yakaanza kulia. Siku moja kwenye tukio la kuinama mbele ya madhabahu ya nyumbani hakuweza kuinuka. Akaomba kigoda.

"Wiki iliyofuata nikaletewa karatasi za kusoma," alisema. "Nikasoma kwamba nyumba inaungua na mimi nimo ndani. Hakuna aliyenipigia simu. Nimeambiwa nimeungua kama mnavyoambiwa umeme utakatika."

Wenye tamthilia walifanya wanavyofanya siku zote. Mama mkwe akalazwa, uso mzima bandeji, na bandeji ilipofunguliwa akatoka mwanamke mwingine kabisa, mwenye magoti mapya, na hadithi ikasonga.

"Lakini kwenu walilia," aliniambia, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni. "Wifi yangu alinipigia. Afrika Mashariki yote ililia, walitaka nirudi. Kwetu watu walizoea baada ya siku mbili. Kwenu walilia."

Wifi yake alikuwa mlangoni na sahani ya matunda. Alinikazia macho, macho ya kuomba. Nikainamisha kichwa, nikaendelea kukanda.

Kwa sababu ukweli niliujua mimi kuliko wote. Siku ile bandeji ilipofunguliwa kwenye skrini, studio nzima ilinigeukia. Mwongozaji akasema, "Ukibadilisha sauti tumekwisha. Sema kama jana." Nikasema kama jana. Nikamtia yule mgeni pumzi za yule wa kwanza, na ukali wake, na kicheko chake. Wiki hiyo hiyo nilikuwa saluni, kichwa kimejaa povu, mama mmoja chini ya drai akawa anawaeleza wenzake: "Sura imeharibika na moto, lakini ni yeye. Sauti haiungui." Wote wakakubali. Hakuna aliyelia. Na mimi pale kwenye beseni nilifurahi, nilifurahi sana, kwamba nimemfukia mtu mzima na kaburi halikuonekana. Kikulacho ki nguoni mwako. Yule mama aliliwa na mimi, naye akaja kuniwekea miguu mapajani.

Aliyenikamata ni wifi yake. Siku hiyo binti yangu alinipigia na upuuzi wake wa kuacha chuo, nikaenda koridoni kumfokea, na nikifoka ile sauti ya zamani inatoka. Nikasikia kijiko kinaanguka jikoni.

"Sema tena," wifi akasema, amesimama mlangoni ameshika kifua. "Dada, sema tena ulivyosema. Sema ile ya funguo."

Ile ya funguo kila mtu aliijua. Kwa Kihindi alikuwa akisema tu nirudishieni funguo zangu. Mimi ndiye niliyeitengeneza, siku moja studio, maneno ya mfasiri yalipokuwa mafupi kuliko mdomo wake. Nikaisema pale koridoni, kwa uzito wake wote: "Funguo za nyumba hii hazishikwi na mkono unaotetemeka."

Wifi alipiga kelele utadhani ameona nyoka, akanivuta mkono hadi chumba cha nyuma. Ikabidi nirudie. Yule mama alifumba macho akasikiliza, hakuelewa neno hata moja. "Nzito hivyo?" akasema. "Kwenu wananijua nikiwa nzito hivyo?" Akacheka, akalia kidogo, akanishika shavu kwa mkono wenye mafuta ya magoti. Toka siku hiyo hakuniita "girl" tena. Nikigonga mlango anasema, "Sauti yangu imefika." Niseme kweli, nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nikipanda treni saa kumi na mbili asubuhi natabasamu kama mtu anayekwenda harusini.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Akina mama wa Kihindi waliotoka Tanzania, Kenya na Uganda wana chama chao pale Neasden, na walimwalika alasiri ya Jumapili wamvishe shali ya heshima. Watakuwepo na Waswahili wenzangu, kina mama walioifuata tamthilia ile nyumbani. Wifi akaja na wazo: aigize tukio la funguo, mimi nimsemee kwa Kiswahili nyuma ya pazia, na kipaza sauti. Tukafanya mazoezi wiki mbili chumbani, yeye na funguo za kabati la jikoni kiunoni, mimi kando ya dirisha. Kifua kinapanda, kinakaa, kinashuka, naingia. Ilikuwa kama hatujaachana.

Jumatatu ya wiki ile ya mwisho nikamuuliza, kama mtu anayeuliza saa: "Madam, nikimaliza, nitatoka nisalimie watu?"

"Utatoka wapi?"

"Nyuma ya pazia. Wanione."

Akasema, bila ukali wowote, kama anavyozungumza mtu na fundi: "Wakikuona wewe, mimi nitakuwa nini? Mwanasesere. Sauti haina miguu. Kaa nyuma ya pazia."

Leo naona alikuwa na haki yake. Alikaa nyuma ya nyota ujana wake wote, alijua kinachompata anayesogea mbele na anayesogezwa. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Siku ile niliona treni zote zile, na beseni za maji, na binti yangu akiniuliza kama ni hadithi za kujipoza. Nikaweka chupa ya mafuta chini.

"Hakuna aliyelia," nikamwambia. "Wifi yako amekudanganya kwa wema. Walipomfungua yule mwingine bandeji nikamsemea mimi, kwa sauti ile ile, na kwetu hakuna aliyejua kwamba umeondoka. Wamekusahau kabla hawajajua kuna wa kumsahau."

Niliyapanga vizuri, ona. Niliyasema polepole kwa Kiingereza ili lisimpite neno. Hakuinua kidevu. Alishusha tu mguu wake kutoka mapajani mwangu kwa mikono miwili, kama anaondoa kitu cha mtu mwingine.

Kesho yake wifi aliniambia mlangoni, bila kunitazama: "Atasema mwenyewe. Kihindi chake. Wewe njoo tu Jumapili kusukuma kiti."

"Mama, amekasirika?"

"Dada, ulikuwa na haja gani?"

Wiki ile nzima nilipofika nilisikia yeye na wifi yake wananong'ona nyuma ya mlango, wananyamaza nikigonga. Nilijua wananisengenya, na nilijua nimestahili, na bado iliniuma.

Jumapili nilivaa gauni langu la kitenge ndani ya koti. Ya nini, kama nilikuwa nakwenda kusukuma kiti tu? Swali hilo nilijiuliza kwenye treni, na koti sikulivua.

Ukumbi ulijaa, harufu ya chai ya maziwa na sambusa, kina mama wa sari mbele, Waswahili wenzangu nyuma na vitenge vyao. Mimi nilisimama ukutani, upande wa koti za watu. Wakamvisha shali. Kisha akafanya jambo ambalo hatukulipanga: akakataa kiti. Akainuka kwenye magoti yale mapya, akatembea hatua tatu hadi katikati ya jukwaa, na mikono ikaanza. Mikono tu, na shingo, na macho. Dakika moja labda. Nimemuosha mwanamke yule miezi mitatu na sikujua kwamba bado anaweza hivyo. Ukumbi ulinyamaza.

Halafu akafungua mdomo. Kile kisauti chembamba, Kihindi. Mbele yangu mama mmoja mwenye kilemba alimgeukia mwenzake.

"Huyu siye."

"Siye kabisa. Yule wetu ana sauti nzito."

"Wametuletea wa kuigiza."

Minong'ono ikatambaa hadi mbele, maana wale mama wa sari nao Kiswahili wanakijua. Yeye hakijui, lakini aliyecheza mbele ya watu tangu utoto anajua ukumbi unapomwacha. Akakatiza sentensi katikati. Nikamwona anautafuta uso wangu ukutani, akaupata. Kidevu kikainuka. Mkono ukaenda kwenye funguo za kabati la jikoni. Kifua kikapanda, kikakaa pale juu.

Nikaingia.

"Funguo za nyumba hii hazishikwi na mkono unaotetemeka!"

Sikuhitaji kipaza sauti. Ukumbi mzima ukageuka. Vigelegele, viti vinasukumwa, "Ni yeye! Mama mkwe!" Yule wa kilemba alinishika mikono yote miwili analia, mwingine akanifungua koti akaliona gauni, wakanivuta katikati, simu zikainuliwa juu. Wakataka ya kumfukuza mkamwana, nikawapa. Wakataka ya hospitali, nikawapa. Nilikuwa na sura mwishowe, nilikuwa na miguu. Sijui nilikaa pale dakika ngapi. Nilipokumbuka kutazama jukwaani, niliona alivyokuwa anatuona yeye: migongo mitupu. Alikuwa amerudi kwenye kiti mwenyewe na anaikunja ile shali, pembe kwa pembe.

Kwenye teksi wifi alikaa mbele, akatazama njia. Nyumbani nilimvua viatu, nikapasha mafuta mikononi, nikampigia magoti kama kila siku. Nje kulikuwa bado na mwanga kidogo kwenye kile kiti cha plastiki.

"Uliingia mapema," akasema.

Nilitaka kubisha. Miaka sita, ningemwambia, sijawahi. Lakini kifua kile nilikiona kikiwa juu, naye alijua nimekiona.

"Nilidhani umekwama, Madam. Nilidhani unaniita."

"Nilikutazama uone," akasema. "Wiki nzima wifi yangu ananifundisha."

Akainua kidevu, akavuta pumzi, akaishusha yote hadi mwisho. Halafu kwa kisauti chake chembamba, neno moja moja, akiwa ameelekea ukutani, akasema kwa Kiswahili: "Funguo za nyumba hii hazishikwi na mkono unaotetemeka."

Hakukosea hata herufi. Nikamalizia goti la kulia, nikahamia la kushoto.